Mpaka wa mamlaka ya maji ukifika kwenye viwanja vyetu, maji nayo yatafika?

*"Mimi ni katibu wa umoja wa wanunuzi wa viwanja. Mwaka 2021 tulinunua shamba upande wa Chamwino, nje kidogo ya Jiji la Dodoma, likapimwa viwanja 212. Mpaka leo nyumba zenye watu ni 9 tu, kwingine kote ni vichaka na bikoni. Bomba la mwisho la mamlaka ya maji ya mjini liko kilomita 3 kutoka kwetu, bondeni, na sisi tuko kwenye mwinuko. Tulipoomba tuvutiwe maji tuliambiwa tuko nje ya eneo lao la huduma, twende RUWASA. RUWASA wakasema kijiji kina kisima tayari, lakini kisima chenyewe hakiwatoshi hata wenyeji. Sasa wenzangu wanataka tuandike barua ya kuomba mpaka upanuliwe, na kila mtu achange tununue bomba la inchi mbili tulilaze wenyewe ili mamlaka wakubali haraka. Aliyetuuzia anasema mpaka ukishapanuka maji ni suala la miezi tu. Mimi nina wasiwasi. Tuombe? Na tukichanga, tuchangie nini hasa?"*

Ndugu katibu, wasiwasi wako una msingi, na nimefurahi umeuliza kabla fedha za watu hazijageuka bomba lililofukiwa ardhini. Katika swali lako mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni nani anawajibika kuwapa maji. La pili ni maji yenyewe yatapandaje kutoka yaliko hadi mlipo. Mpaka unajibu la kwanza tu.

Tuanze na huo mpaka. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, mamlaka za maji huanzishwa kwa amri ya Waziri mwenye dhamana ya maji, inayochapishwa katika Gazeti la Serikali. Kila mamlaka ina eneo lake. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, unaofanya kazi na vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii, yaani ile kamati ya maji mnayoiona pale kijijini. Kwa hiyo afisa wa mjini aliyewaambia mko nje ya eneo lake hakuwa anawafukuza. Hata angekuwa na bomba na mafundi wamekaa bure, kuwekeza fedha za wateja wake mahali ambapo hajapewa dhamana ni kujitia matatani na wakaguzi.

Aliyewauzia viwanja anazungumza kana kwamba mstari ukisogezwa kwenye ramani, bomba husogea nao. Sivyo. Mpaka ukipanuliwa mnapata kitu cha thamani, lakini ni kitu tofauti: mnapata mtu wa kumdai. Mamlaka italazimika kuwahesabu katika mipango yake, bei mtakayolipa itakuwa ile iliyoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na mkipuuzwa mtakuwa na pa kulalamika. Hayo si madogo, maana ninyi hivi sasa hamna hata mmoja kati ya hayo. Ila nimeona maeneo yaliyoingizwa ndani ya mpaka yakakaa miaka bila tone, kwa sababu mpango wa uwekezaji ulikuwa umejaa mitaa yenye nyumba elfu mbili zinazosubiri. Nyumba tisa haziwezi kuishinda foleni hiyo, na mimi kama ningekuwa kwenye meza ile nisingezipa nafasi ya kwanza.

Tena kuna hatari ambayo watu hawaijui hadi iwapate. Mkishaingizwa mjini, RUWASA ana haki ya kuwatoa kwenye hesabu zake. Mkienda kwake atawaambia ninyi ni watu wa mamlaka. Mkienda mamlaka, mtaambiwa mmo ila bado hamjafikiwa. Mtabaki njia panda, hamna wa kushoto wala wa kulia. Ndiyo maana barua ya kuomba mpaka isiende peke yake. Iombe na ratiba: mradi upi, mwaka upi wa fedha, na kabla ya hapo nani atawahudumia. Mkijibiwa kwamba mpaka unawezekana lakini ratiba haipo, msikimbilie.

Sasa maji yenyewe. Dodoma si mji wa kujaribia bahati. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya ya mjini, na ya 2022 ikahesabu 765,179. Katika muongo huohuo serikali ilihamia hapo, CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ustawishaji wa makao makuu, ikavunjwa mwaka 2017, na upimaji wa viwanja ukakimbia kuliko bomba lolote linavyoweza kukimbia. Wakati wote huo uti wa mgongo wa huduma ulikuwa uleule: visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Vipimo vya kina cha maji vya bonde hilo vimewekwa tangu miaka ya 1950, na vinaonyesha jambo ambalo kila mnunuzi wa kiwanja Dodoma angepaswa kulijua: bonde halijazwi kidogo kidogo kila masika. Maji hushuka mwaka baada ya mwaka yanapovutwa, kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa, kama ule wa El Niño wa 1997/98, ndipo bonde linapopokea maji mengi kwa mkupuo. Katikati ya misimu hiyo mji unaishi kwa akiba.

Kwa hiyo mamlaka inapoulizwa ipanue eneo, swali la kwanza la mhandisi mwaminifu ni hili: maji ya kuwapa hawa wapya yatatoka kwa nani? Kama hakuna chanzo kipya, yatatoka kwa walioko tayari. Mgao wa siku tatu kwa wiki unakuwa wa siku mbili. Na mgao una ubaya mwingine zaidi ya ndoo tupu. Bomba lisilo na maji hubaki bila msukumo wa ndani, na palipo na ufa au kiungio kilicholegea maji machafu ya ardhini hupenya kuingia. Wanaopinga eneo kupanuliwa mara nyingi husingiziwa uchoyo, na mimi nasema baadhi yao wana hoja nzuri kabisa. Mnapokwenda ofisini, ulizeni wazi ni tangi lipi litakalowalisha na linajaa siku ngapi kwa wiki. Jibu la swali hilo litawaambia mengi kuliko ramani.

Tuseme maji yapo. Je, yatapanda? Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu ndipo fedha zenu zinapoweza kupotea.

Maji bombani husukumwa na kimo. Presha ya baa moja inatosha kupandisha maji mita 10 hivi, baa tatu mita 30. Tuseme pale bomba la mwisho lilipo mkapima mkakuta baa tatu, na mwinuko wenu umezidi bonde kwa mita 20. Zimebaki mita 10 za msukumo. Kutoka katika hizo 10 ndipo ulipwe msuguano wa maji dhidi ya kuta za bomba kwa kilomita 3 nzima, na bado kitu kibaki cha kufikia bomba la bafuni.

Mtahitaji maji kiasi gani? Viwanja 212 vikijaa, kila nyumba watu 5, kila mtu lita 80 kwa siku, ni lita 84,800. Ukigawanya kwa saa 24 ni karibu lita moja kwa sekunde. Lakini watu hawatumii maji sawasawa mchana na usiku. Alfajiri na jioni matumizi hupanda, kwa mji kama wenu tukadirie mara mbili, yaani lita mbili kwa sekunde. Sasa chukua hilo bomba la inchi mbili, la plastiki, lile mafundi wanaloita la milimita 63. Likipitisha lita moja kwa sekunde kwa kilomita 3, msuguano unakula mita 13 hivi. Mlikuwa na 10. Maji hayafiki. Likitakiwa kupitisha lita mbili, msuguano haukui mara mbili: unaruka hadi mita 46.

Chukua badala yake bomba la milimita 110, inchi nne. Kwa lita hizohizo mbili, msuguano haufiki mita 3. Kipenyo hakijafika hata maradufu, lakini hasara imeshuka zaidi ya mara kumi. Hii ndiyo tabia ya mabomba inayowaponza watu wa harambee, kwa kuwa dukani tofauti ya bei huonekana kubwa na machoni tofauti ya unene huonekana ndogo. Katika mji mmoja niliofanya kazi, wananchi walichanga kwa moyo, wakachimba mtaro kwa mikono, wakalaza inchi mbili bila mtu yeyote kupima vimo. Maji yalifika kweli, saa nane za usiku, kwenye nyumba tatu za chini. Mama mmoja wa nyumba ya juu aliniambia alichangia kusikia hewa ikipiga mluzi bombani. Sijaisahau siku hiyo.

Basi tulaze la inchi nne tumalize? Subiri kidogo. Leo mna nyumba 9. Zinatumia, tuseme, lita 3,600 kwa siku. Bomba la inchi nne lenye urefu wa kilomita 3 linabeba lita 22,000 na zaidi. Maana yake maji yanayoingia bondeni Jumatatu yatafika kwenye bomba la jikoni karibu siku sita baadaye, yakiwa yamelala kwenye ardhi ya joto. Klorini, ile dawa ya kuua vijidudu majini, hupungua kadiri maji yanavyokaa. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita ibaki maji yanapomfikia mtumiaji, na kwenye bomba lililolala hivyo sina imani kwamba itabaki. Mamlaka hulazimika kufungua mwisho wa bomba na kumwaga maji ili mengine yaingie. Katika mji wenye mgao, kumwaga maji safi vichakani ni jambo gumu kulitetea.

Hiki ndicho kiini cha ugumu wa kupeleka huduma kwenye ardhi tupu, na ndicho ambacho hotuba za uzinduzi hazikigusi. Bomba dogo litawasaliti mkijaa. Bomba kubwa litawaumiza mkiwa wachache, tena gharama ya kulitunza, kuziba mivujo na kusoma dira inagawanywa kwa wateja tisa, na kilichopungua kinabebwa na mlipa bili wa mjini. Na bado ni kweli vilevile kwamba watu hawajengi pasipo maji. Kila upande unamsubiri mwenzake.

Njia ya kutoka ipo, na kwenu naiona pande mbili.

Ya kwanza ni tangi. Mkiwa na tangi la lita 100,000 sehemu ya juu kabisa ya eneo lenu, ile pilika ya alfajiri na jioni inabebwa na tangi, siyo na bomba la kilomita 3. Bomba linajaza polepole usiku na mchana. Hapo hata la milimita 90 linatosha: kwa lita moja kwa sekunde linapoteza mita 2 na kidogo tu. Na kama mgao unawafungulia nusu siku, itabidi lipitishe lita mbili, ambapo hupoteza mita 8. Kwa mfano wetu wa mita 10 hapo mtakuwa ukingoni kabisa, na mtahitaji ama pampu ndogo ya kusukuma ama kipenyo kikubwa zaidi. Ndiyo maana nasisitiza vipimo halisi. Hizi namba zangu ni za kukuonyesha mwenendo, siyo usanifu wa eneo lenu.

Ya pili ni majirani zenu. Umeandika kwamba kisima cha kijiji hakiwatoshi wenyeji, ukapita haraka. Mimi nimesimama hapo. Wanakijiji wale ndio watumiaji mlionao leo, siyo wanunuzi 203 ambao bado wako Dar es Salaam na Mwanza. Mkiomba mradi wenye magati mawili matatu, yaani vituo vya kuchotea maji, kijijini pamoja na mtandao wa viwanja vyenu, maji yatazunguka, hayatalala bombani, mapato yatakuwepo tangu mwezi wa kwanza, na ombi lenu litaacha kuwa la watu tisa. Mbele ya meza ya mipango hiyo ni tofauti kubwa. Na mbele ya majirani ni haki: bomba lipite shambani kwao likiwanywesha wageni waliohamia juzi? Wataliangalia hivihivi mwaka mmoja, wa pili litatobolewa, na sitawalaumu sana.

Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa kwa upole. Kijiji kina chombo chake cha maji, kina kamati, labda na akiba kidogo benki. Mpaka ukiwachukua ninyi na ile sehemu ya kijiji iliyo barabarani, yenye maduka na walipaji wazuri, chombo kile kinabaki na vitongoji vya mbali na pampu ya kulipia umeme. Kitakufa. Kwa hiyo mkutano wa kijiji ukae kabla ya barua, siyo baada yake, na ajenda iwe ama wote wahamie mamlaka, ama wote wabaki RUWASA.

Na inawezekana mpaka usiguswe kabisa. Mamlaka ya mjini inaweza kukiuzia chombo cha kijiji maji kwa jumla, dira moja kubwa ikafungwa mpakani, na kijiji kikasambaza ndani na kukusanya bili. Faida yake ni kwamba makubaliano hayangoji amri ya Waziri. Ubaya wake ni kwamba kila mvujo baada ya dira ile ni wenu, na chombo kikishindwa kulipa bili ya jumla wote mnafungiwa, hata aliyelipa. Kwa mahali penye kamati inayoaminika ningeijaribu njia hii kwanza. Penye ugomvi wa hesabu, hapana.

Kisima chenu wenyewe? Najua wapo watakaolisema. Linawezekana, ila Dodoma maji ya chini ya ardhi mahali pengi yana chumvi, na hamuwezi kujua kwa kuangalia kisima cha jirani. Anzeni na mtaalamu wa maji chini ya ardhi apime, ombeni kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na mkipata maji yapelekeni maabara ya ubora wa maji kabla ya kununua pampu. Mkifanikiwa mmekuwa watoa huduma, na utoaji huduma una sheria zake, hauishii kwa fundi na WhatsApp ya umoja.

Sasa swali lako la mwisho, mchangie nini. Msinunue bomba. Mchango wa kwanza ulipe upimaji: vimo vya ardhi kutoka bomba la mwisho hadi kilele chenu, na presha ya bomba lile kwa siku saba mfululizo, usiku na mchana, kwa sababu presha ya saa nane usiku ni ndoto na ya saa moja asubuhi ndiyo kweli. Mhandisi wa maji aliyesajiliwa anaweza kuifanya kazi hiyo akishirikiana na kitengo cha mipango na usanifu cha mamlaka. Ripoti hiyo ndiyo iambatane na barua, pamoja na mchoro wa mipango miji uliopitishwa, muhtasari wa mkutano wa kijiji, na orodha ya kweli ya nani anajenga mwaka huu na nani mwaka ujao. Msiandike 212 kama wajenzi. Watakuja kuangalia, watakuta vichaka, na kila mlichosema kitatiliwa shaka.

Kama baadaye mamlaka itasema mchangie bomba, kaeni na wakili kabla ya kutoa shilingi. Mkataba useme bomba ni la nani likishafukiwa, kama mchango wenu utarudishwa kupitia bili au umekwenda moja kwa moja, na kama mtu wa nje ya umoja anaweza kuunganishwa juu yake bila kuwalipa. Useme pia nani anasimamia ulazaji. Bomba lijaribiwe kwa presha likiwa wazi, kabla mtaro haujafukiwa, na mtu wa mamlaka asimame pale na kusaini. Likikatiza barabara, kibali cha wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, kitafutwe mapema. Bomba lililolazwa kienyeji mamlaka inaweza kulikataa, na ikilikataa hamna la kufanya nalo.

Jambo moja halihitaji barua wala mpaka, na ukiweza lifanye wiki hii. Nenda na mpima wako hadi sehemu ya juu kabisa ya shamba, tazama ni kiwanja namba ngapi, kisha muulize aliyewauzia kama kimeshapata mnunuzi. Kama bado, umoja ukinunue, na muombe afisa mipango miji awaongoze kukibadilisha kwenye mchoro kiwe eneo la tangi. Njia ya bomba kutoka barabarani hadi hapo nayo iwekwe kwenye mchoro, upana wa mita chache tu. Kama kimeshauzwa, mtafute mwenye nacho leo, angali hajachimba msingi.